Mtutu mrefu hauongezi shabaha: ushauri kwa wachezaji wa peintiboli

Wachezaji wapya wa peintiboli, mchezo wa kupigana kwa vidonge vya rangi viitwavyo risasi, hapa Nakuru huniuliza mara kwa mara kama mtutu mrefu huifanya bunduki ya rangi ipige shabaha vizuri zaidi. Wengi wao huja wakiwa tayari wanaamini hivyo, na wapo waliokwisha kutuma fedha kwa jamaa walio ng'ambo ili waletewe mtutu wa inchi 16 au 18. Kwa muda wote ambao nimecheza na kuzitunza bunduki za timu yetu, nimesadiki kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kwingine, na kwa kuwa vifaa vya mchezo huu ni ghali na ni adimu madukani kwetu, naona ni vyema nieleze sababu kwa utaratibu.

Risasi ya rangi ya kawaida ina kipenyo cha inchi 0.68, yaani kama milimita 17.3, na uzito wake ni takriban gramu 3. Gesi inapofunguliwa nyuma yake, risasi hiyo husukumwa ndani ya mtutu na kuzidi kupata kasi, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo humalizika mapema, katika inchi nane hivi za mwanzo. Baada ya hapo gesi imekwisha kutanuka, shinikizo limeshuka, na msuguano wa ukuta wa mtutu unaanza kuipunguzia risasi kasi iliyokwisha kupata. Ndiyo maana mtutu mfupi mno hula gesi nyingi, kwa sababu gesi hutoka nje kabla ya kumaliza kazi yake, na mtutu mrefu mno nao hula gesi nyingi, kwa sababu inabidi uongeze nguvu ili kuushinda msuguano. Mtutu wa inchi 12 hadi 14 ndio unaotumia gesi kwa uangalifu zaidi, na ndio ninaoupendekeza kwa karibu kila mtu.

Shabaha ni jambo jingine kabisa. Risasi ikishatoka mdomoni mwa mtutu, njia yake huamuliwa na kasi iliyo nayo, umbo lake, na hewa inayokutana nayo. Risasi mbili zilizo sawa, zikitoka kwa kasi moja ya mita 85 kwa sekunde, zitapita njia moja na kuanguka mahali pamoja, hata kama moja imetoka kwenye mtutu wa inchi 10 na nyingine kwenye mtutu wa inchi 18. Tena risasi hii ni tufe jepesi lenye ganda laini na majimaji ndani, na upinzani wa hewa huielemea sana: ikifika mita 30 imekwisha kupoteza karibu nusu ya kasi yake. Kitu chepesi namna hiyo, kikiwa na kibonyeo kidogo tu upande mmoja, hupinda njiani, na hakuna urefu wa mtutu unaoweza kukirekebisha.

Kijana mmoja mwenye mtutu wa inchi 18 alibishana nami kwa heshima kuhusu jambo hili, akasema, "Mwalimu, mimi mwenyewe nimeona tofauti." Tulitundika gunia kwenye mkaratusi pembeni mwa uwanja, tukapima kasi kwa kronografu, kisha tukapiga kwa mtutu wake na kwa ule mfupi wa bunduki za kukodisha, kwanza kwa risasi zake mpya, halafu kwa zile zilizokaa muda mrefu kwenye buti ya gari. Kwa risasi mpya, madoa ya rangi ya mitutu yote miwili yalikusanyika karibu karibu katikati ya gunia. Kwa zile za zamani yalitawanyika ovyo, mengine hata gunia hayakuligusa, na mtutu mrefu haukusaidia kitu. Alichokuwa ameona yeye kilikuwa cha kweli, ila tofauti ililetwa na risasi nzuri alizonunua siku ile ile aliyopokea mtutu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kugharamia ni risasi, na la pili ni kuoanisha kipenyo cha mtutu na kipenyo cha risasi. Mitutu huuzwa ikiwa na vipenyo vya ndani vinavyotofautiana kidogo, kama vile inchi 0.680, 0.685 na 0.690, na tofauti hizo ndogo zina uzito kuliko inchi nne za urefu. Kupima ni rahisi. Fungua mtutu uutoe kabisa kwenye bunduki, tia risasi upande wa nyuma, kisha uuinamishe. Risasi ikiteremka yenyewe hadi upande wa pili, mtutu ni mpana mno, na gesi itapenya pembeni kwa kiasi kinachobadilika kila unapopiga, hivyo kasi haitakuwa sawa. Risasi ikikwama hata ukipuliza kwa nguvu, mtutu umebana mno na itapasukia ndani. Ikitulia mahali pake, kisha ikatoka kwa pumzi moja ya nguvu, hapo umepata.

Kipimo hiki kirudie kila uendapo kucheza mahali pengine, kwa maana ganda la risasi ni jelatini, na jelatini hunywa unyevu wa hewa. Risasi zilizokaa vizuri kwenye mitutu yetu hapa Nakuru, katika mwinuko wa karibu mita 1,850, zilianza kukwama tulipozibeba hadi Kisumu, ambako joto na unyevunyevu wa ziwa huzifanya zivimbe na kulainika. Kule weka mfuko umefungwa hadi dakika ya mwisho, na usizimimine zote kwa pamoja. Huku kwetu, asubuhi za baridi za Julai huleta shida ya kinyume: ganda hukakamaa, likawa jepesi kupasuka.

Urefu una faida zake, nami sitazikana. Mtutu mrefu kiasi, wenye matundu sehemu ya mbele, huitoa gesi taratibu na kupunguza kishindo, na wachezaji wanaojibanza nyuma ya vizuizi vya kupuliziwa hewa huutumia kukisukuma kizuizi kando kidogo ili wapige bila kujitokeza. Lakini vichakani, kati ya migunga na miti iliyoanguka, inchi 18 hunasa kila mahali, na mchezaji hushughulika na mtutu wake badala ya mpinzani.

Uchafu nao hauna msamaha. Risasi ikipasukia ndani, utando mwembamba wa rangi unaobaki huigusa kila risasi inayofuata na kuipotosha, kwa hiyo vuta kitambaa kikavu ndani ya mtutu mara moja, na usidhani kwamba risasi chache zaidi zitausafisha.

Mwenye fedha kidogo na abaki na mtutu aliopewa na bunduki, ilimradi ni mnyoofu na laini ndani, anunue risasi mpya. Mwenye uwezo zaidi na atafute mtutu wa vipande viwili, ambao kipande chake cha nyuma hubadilishwa kulingana na kipenyo cha risasi. Vyovyote iwavyo, kila ubadilishapo mtutu pima kasi upya kwa kronografu kabla ya kuingia uwanjani, kwa kuwa bunduki ile ile, bila kuguswa popote pengine, inaweza kutoa kasi kubwa kuliko awali. Kiwango ambacho hakipaswi kuvukwa ni futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 91, na viwanja vingi huweka kiwango cha chini ya hapo. Unapopima, kila aliye karibu awe amevaa kinyago, pamoja na wewe mwenyewe.