Hasira, pombe na kondomu iliyosahaulika

SWALI: Nina miaka 23. Nikigombana na mpenzi wangu huenda kulewa, kisha nikalala na mwanamke mwingine bila kinga. Mbona nikiwa mzima hatari naijua?

JIBU: Ndugu yetu, pombe haifuti unachokijua. Hubana fikra, ukaona kilicho mbele yako tu, na hasira huchochea zaidi. Amua kabla ya glasi ya kwanza kwamba hutalala na mtu bila kinga. Siku ya ugomvi, afadhali usinywe kabisa. Kondomu isikae ndani ya pochi, joto na msuguano huiharibu. Bana ncha unapovaa, hewa itoke. Aliyelewa chakari hawezi kuridhia, mwache. Imeshatokea? Wahi kituo cha afya leo hii, kabla ya saa 72 kupita, uulizie PEP, dawa za kuzuia VVU. Humezwa siku 28.