Damu ya mama inashuka, lakini si kwa kukosa chakula

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini damu ya mama inashuka ilhali anakula matembele na kunywa rozela kila siku. Kama kweli ni kinga ya mwili wake inayovunja damu, basi tatizo si lishe, msimlaumu. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Kwake kinga inazidhania adui, inazinasa, na wengu unazimaliza mapema. Ndiyo maana macho yana umanjano na mkojo umekolea kama chai ya mkandaa.

Muulizeni daktari kama amefanyiwa kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kingamwili (silaha za kinga) zilizoganda kwenye chembe hizo. Mara nyingi matibabu huanza na prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga. Hapo nakusihi: asiiache ghafla hata akipata nafuu, daktari ndiye huipunguza kidogo kidogo. Sukari yake nayo ipimwe, maana dawa hiyo huipandisha.

Akihema hali amekaa tu, au kifua kikimbana, mpelekeni usiku huohuo. Na akihitaji kuongezewa damu, waambieni maabara mapema, kwani kumtafutia damu inayomfaa huchukua muda.