Nguvu inapotelea kwenye mizunguko mingapi?

SWALI: Golf ya TSI 1.4, ile yenye supachaja na tabo kwa pamoja, ikiwa nzito kuondoka na kupanda mlima, lakini ikishachanganya inavuta vizuri, je, ni tabo iliyokufa? Fundi anataka ibadilishwe. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usinunue tabo bado. Angalia kwanza sindano ya mizunguko nguvu inaporudi. Supachaja na tabo zote husukuma hewa ndani ya injini, ila supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, kwa hiyo husukuma hewa tangu mwanzo, wakati moshi wa ekzosi bado ni mchache mno kuzungusha tabo. Chini ya mizunguko 2400 kwa dakika supachaja ndiyo inayobeba mzigo. Kati ya 2400 na 3500 huitwa pale tu unapokanyaga mafuta kwa nguvu, na juu ya hapo tabo hubaki peke yake. Injini inayokufa chini na kufufuka juu haina ugonjwa wa tabo.

Zima injini, fungua boneti, kagua mkanda wa supachaja kama umepasuka, umelegea au umelowa oili. Kisha njoo kwenye klachi ya sumaku, ile inayoiunga na kuikata supachaja. Hii imeunganishwa na pampu ya maji, na matatizo mengi huanzia hapo: sili ya pampu ikivuja, maji ya kupoza injini hudondokea klachi, nayo huanza kulia na kuteleza. Ukikuta ukoko wa rangi ya waridi umekauka kuzunguka puli, umempata mwizi. Pampu na klachi hubadilishwa kwa pamoja. Weka na mkanda mpya siku hiyo hiyo. Kukiwa kukavu na safi, gari lipimwe kwa mashine: vali ya kuelekeza hewa ikikwama wazi, hewa iliyosukumwa hurudi ilikotoka.

Ikiwa injini inatetemeka asubuhi ikiwa baridi na inakula oili, hilo ni jambo jingine, tena zito. Pima mgandamizo wa kila silinda, kwani pistoni hizi hupasuka kwenye kingo za ringi, hasa injini ikigonga kwa petroli ya oktani ndogo. Usishuke chini ya 95.

SWALI: Naweza kuongeza supachaja kwenye gari langu lenye tabo? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwa injini ya kawaida, hapana. Shinikizo huzidishana, halijumlishwi: supachaja ikikandamiza hewa mara 1.5 na tabo mara 1.6, silinda inapokea mara 2.4. Lancia Delta S4 ya mbio za mwaka 1985 ilihimili mpango huo kwa injini iliyosukwa upya kwa kazi hiyo, na intakula (vipoza hewa iliyokandamizwa) mbili.