Kuhesabu biti: kwa vijana wa Malindi wanaoanza programu

Wadogo zangu, kuna swali ambalo litawafikia mapema, darasani au kwenye mahojiano ya kazi: ukipewa nambari kamili, ina biti ngapi za 1 ikiandikwa kwa mfumo wa jozi, ambamo kila tarakimu, yaani biti, ni 0 au 1? Wengi huandika bin(n).count("1") kwa Python, wakapata jibu na kuendelea na mengine. Jibu ni sahihi. Hata hivyo nawasihi mshike penseli kwanza.

Chukua 44. Kwa jozi ni 101100, yaani 32, 8 na 4. Toa moja upate 43, yaani 101011. Tazama upande wa kulia: 1 ya mwisho imekuwa 0, sufuri zilizoifuata zimekuwa 1, na kushoto hakujaguswa kitu. Ni kule kukopa tulikofundishwa shule ya msingi. Sasa andika 44 & 43: panabaki 1 pale tu ambapo zote mbili zina 1. Unapata 101000, yaani 40. Biti moja imefutika. 40 & 39 ni 32, na 32 & 31 ni 0. Kila mzunguko unatoa moja na kulinganisha, hadi ifike 0: mizunguko mitatu, biti tatu. Peter Wegner aliichapisha njia hii mwaka 1960, ingawa wengi huiita kwa jina la Brian Kernighan.

Penye kazi ni nambari hasi. Katika Java, int (aina ya nambari kamili) ina biti 32, na -1 ni 1 tupu zote 32. Ukihesabu kwa kuisogeza kulia biti moja moja kwa >>, inabaki -1 milele, kwa kuwa kushoto huingia 1; ili ziingie 0, tumia >>>. Python nayo haina kikomo cha biti, kwa hiyo njia yetu ikipewa -1 haifiki 0 kamwe. Amua unataka biti ngapi, kisha, kwa biti 32, anza na n & 0xFFFFFFFF.

Faida yake? Hapo Ngomeni, jirani zetu, ndiko setilaiti ya Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililo baharini. Data ikisafiri mbali, biti huweza kugeuka njiani. Ukilinganisha iliyotumwa na iliyopokelewa kwa ^, inayotoa 1 pale tu biti mbili zinapotofautiana, kisha ukahesabu 1, umejua ni ngapi zimeharibika. Huo huitwa umbali wa Hamming.

Kazini tumieni Integer.bitCount ya Java, au n.bit_count() kuanzia Python 3.10. Ila leo jioni fanyeni 255 na 256 kwa mkono, na mkadirie mizunguko ya kila moja kabla ya kuanza.