Gauni la harusi kushonea vichanga nguo za maziko: usianzie shingoni, anzia mgongoni

Dada umeuliza kama gauni lako la harusi linaweza kukatwa likashonewa nguo za kuzikia vichanga na kama fundi wa kawaida anaiweza kazi hiyo. Vyote ndiyo. Mimi huu mwaka wa nne nashona, magauni kumi na kitu ya watu yamepita kwenye mkasi wangu, ila ukweli ni kwamba mzigo wangu wa kwanza ulirudishwa.

Vilikuwa vigauni nane, vizuri hatari, yani ungedhani vya ubatizo. Shingo nimezungushia shanga, zipu ndogo nyuma, mikono ya kubana. Kesho yake nesi wa wadi ya wazazi akanipigia, kwa upole tu, mama njoo nikuonyeshe kitu. Akanipa mdoli akasema mvalishe bila kumkunja mkono wala kumnyanyua shingo. Nikashindwa. Akanieleza kwamba mtoto akifia tumboni akakaa siku kadhaa kabla ya kuzaliwa ngozi yake inalainika mpaka inabanduka kwa kuguswa tu, sasa huyo utampitishiaje nguo kichwani, utamvutaje mkono kwenye tundu la kubana? Vile vya kwangu ingebidi wavipasue, na mama yuko hapohapo anaangalia.

Toka siku hiyo naanzia mgongoni. Mgongo wote wazi, shingo mpaka pindo, unafungwa na utepe sehemu mbili au tatu basi. Mtoto analala chali, gauni linawekwa kwa mbele, mikono inaingizwa taratibu, kingo zinachomekwa chini yake. Kwa hiyo mikono ya gauni iwe mipana, ipanuke kama kengele, vidole vya nesi viingie kuupokea mkono wa mtoto upande wa pili. Zipu hapana, vifungo vya chuma hapana, pini ndo usiniambie kabisa. Halafu kuna familia zinachoma mwili, huko chuma na plastiki ni tatizo.

Saizi sasa, hapa ndo wengi tunakosea. Mtoto wa mimba ya wiki 20 ana kama gramu 300, urefu sentimita 25 hivi kichwa mpaka kisigino, kilo 1 anaifikia kwenye wiki 28 hivi. Sisi tunashona ya mtoto wa kilo tatu kwa sababu inapendeza na lesi inaonekana vizuri, matokeo yake kabati la wadi limejaa makubwa na yule mdogo kabisa anazungushiwa kitambaa chochote kilichopo. Wa chini ya wiki 20 usimshonee gauni, shona kimfuko kama bahasha, satini nje pamba ndani, analazwa humo unakunja kifuniko unafunga utepe. Dakika ishirini umemaliza kimoja na ndo vinavyoisha haraka kuliko vyote nnavyopeleka!!

Kwenye gauni la harusi mali iko kwenye mkia na sketi, satini pana isiyo na mshono. Ile neti ngumu ya kufurisha inakwaruza, siitumii. Kila kitu kiwe na bitana ya pamba au flaneli iliyofuliwa, kwa ajili ya ngozi na pia inanyonya majimaji, na mishono ifichwe katikati ya vitambaa viwili isiguse mwili. Shanga ukiziacha ziwe chache, kifuani kwa nje. Satini ukifumua matundu ya sindano hayafutiki, kwa hiyo mimi sifumui, nakata pembeni ya mshono, ka kitambaa kakipotea kapotee. Sindano namba 60 au 70, mpya. Pasi moto mdogo na kitambaa juu yake, satini nyingi za harusi ni poliesta, inayeyuka, nimeshaunguza kipande kizuri kuliko vyote cha gauni la mtu na sikupata usingizi.

Na watoto wa kiume jamani msiwasahau, kashati na kizibao cha satini, sio kila anayefariki ni wa gauni. Kofia weka kwa wote, mifupa ya kichwa huwa inapishana, kofia inasitiri, ila iwe wazi nyuma nayo ya utepe. Kabla ya yote ongea na wadi itakayopokea, kila moja ina saizi zilizoisha, na wapo wanaozika kwa sanda tu kwa imani yao, hao hawatahitaji.

Kuhusu kuogopa kulikata. Kuna mama aliniletea la kwake asubuhi, anacheka, kata tu halina kazi. Saa nne usiku ananipigia anataka kujua kama nimeshaanza, maana amebadilisha mawazo. Nilikuwa nimeshatoa mkia wote. Nilimrudishia kile kipande cha juu na shela, hakunilaumu, lakini ile sauti naikumbuka. Siku hizi gauni likifika nalitundika wiki mbili siligusi, na kabla ya mkasi namtumia mwenyewe meseji. Ukinitumia la kwako litatundikwa hivohivo, ukighairi unalikuta zima.