Saa kumi za kusubiri, nikaenda Bagamoyo

Wiki hii mmeuliza: "Ukiwa na saa nyingi za kusubiri ndege ya kuunganisha, unakaa kiwanjani au unatoka?" Mimi nilitoka. Nilitoka na sanduku, mkoba na kilo mbili za halua, nikaenda Bagamoyo, na nusura ndege iniache.

Nimefundisha historia sekondari miaka 27, na sasa nimestaafu, naishi Ujiji. Sijui ni mara ngapi nimechora ubaoni ile njia ya misafara: nukta Ujiji, nukta Tabora, nukta Mpwapwa, nukta ya mwisho Bagamoyo, kisha mshale wa kuvuka kwenda Unguja. Nukta ya kwanza naijua, ndipo ninaponunua dagaa. Ya mwisho sikuwahi kuikanyaga. Kila nikija Dar es Salaam ni msiba, hospitali au kikao, na kesho yake narudi.

Safari hii nilikuwa natoka Muscat kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Tulitua saa kumi na moja alfajiri. Ndege ya Kigoma ilikuwa ya saa nne asubuhi, lakini nilipowasha simu nikakuta ujumbe kwamba imesogezwa hadi saa tisa alasiri. Sababu hawakutaja. Nikahesabu kwa vidole: saa kumi. Viti vya kusubiria navijua. Mgongo wangu unavijua zaidi.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu anayeishi Tabata.

"Shikamoo shangazi. Nakuja sasa hivi, uje nyumbani ujinyooshe."

"Marahaba baba. Sijinyooshi. Nipeleke Bagamoyo."

Kimya. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Bagamoyo kuna msiba?"

Msimcheke. Ana miaka 11 hapo mjini, anabeba abiria kwa kigari chake cha IST, na Bagamoyo anayoijua ni hoteli moja ya ufukweni alikopeleka watu wa harusi. Mimi mwenyewe wa nukta ya kwanza nilikuwa sijafika nukta ya mwisho, nimsute nani?

Kwa wanaotaka kujaribu: siri iko kwenye saa za foleni. Asubuhi magari yanaingia mjini, nawe unatoka. Barabara ya Mandela ilitusumbua kwa sababu ya malori ya bandarini, lakini tulipoipita Mwenge njia ikawa yetu: Tegeta, Bunju, Mapinga. Ni kama kilomita 70, na saa mbili asubuhi tulikuwa Bagamoyo. Asiye na gari apande basi dogo Makumbusho, ila ajue litajaza kwanza, na njiani litasimama kila anaponyoosha mtu mkono.

Tulianzia ufukweni kwa sababu kwingine hakujafunguliwa. Maji yalikuwa yamekupwa. Majahazi yamelala ubavu kwenye mchanga, na bahari yenyewe iko mbali huko, wachuuzi wanaifuata kwa miguu na ndoo kichwani. Hapo nikaelewa jambo nililokuwa nikilisema darasani kama kasuku: kwamba mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kwa kuwa bandari ya Bagamoyo ina kina kifupi. Kina kifupi! Meli ingefika wapi hapa? Mwanafunzi angeonyeshwa ule mchanga dakika tano asingekosa swali hilo maisha yake yote.

Tukanunua vibua vya kukaanga, vimetoka kwenye karai muda huohuo, na chumvi na pilipili na ndimu. Nimezoea migebuka ya Ziwa Tanganyika na sitamsaliti mgebuka kwa samaki yeyote, lakini niliongeza sahani ya pili.

Kutoka hapo tulikwenda Misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua kituo hicho mwaka 1868, wakawa wanawakomboa watumwa na kuwapa makazi hapohapo. Barabara ya kuingilia ina miembe mikubwa huku na huku, matawi yamekutana juu. Nikamwambia kijana asimamishe gari. Ujiji nako njia ya zamani ya misafara unaijua kwa miembe. Wazee wetu wakikuelekeza njia hutaja mwembe kabla ya kutaja nyumba. Nikashuka, nikatembea kipande kile kwa miguu, kijana akinifuata na gari polepole kama anasindikiza bibi harusi.

Pale kuna mbuyu uliopandwa na mapadri wale wa mwanzo, na ndani ya mbuyu kuna mnyororo. Watalii wawili walikuwa wanaupiga picha kwa huzuni kubwa. Kijana wa kutembeza wageni akawaeleza kwa upole kwamba huo si mnyororo wa watumwa, alikuwa akifungiwa punda wa mama mmoja wa Kifaransa. Kadiri mti ulivyonenepa ukaumeza mnyororo, na sasa zimebaki pete chache tu nje ya gome. Niliinama nikaigusa moja. Gome limeikunjia mdomo kabisa, kama fizi na jino.

Halafu mnara. Ni sehemu ya kanisa la kwanza, mnara mdogo mweupe usiotisha, ungeupita bila kugeuka. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiingereza, ulilazwa humo kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga, wakaubeba hadi pwani, karibu miezi tisa. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza mwenzake, Cameron, aliwashauri wamzike palepale. Wakakataa.

Kwetu Ujiji kuna kumbukumbu ya mahali Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Nimepeleka wanafunzi pale kila mwaka. Kwetu amesimama, anapeana mkono na mgeni. Hapa amefika akiwa mzigo mabegani mwa watu. Nilisimama mlangoni nikijiuliza: katika mitihani yote niliyotunga, Susi na Chuma niliwaulizia mara ngapi? Nakumbuka mara moja, na lilikuwa swali la kuchagua jibu, alama moja.

Kijana akaniuliza, "Shangazi, unalia?" Nikamwambia ni ndimu.

Ilikuwa saa nne na nusu. Kaole, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, tuliiacha. Ni kilomita chache tu kusini mwa mji, lakini ukitaka vyote kwa siku moja hutaona hata kimoja. Tulipita haraka mtaa wa zamani wenye milango ya nakshi na Boma la Wajerumani la 1897, tukaishia Caravanserai, pale misafara ilipopumzikia. Mtembeza wageni akaanza ile maana ya jina tunayoijua wote: mtumwa akifika hapa anaubwaga moyo, hatarudi tena kwao. Nikamkatiza, tabia ya ualimu haifi. Nikamuuliza, na mpagazi je? Mnyamwezi aliyebeba pembe ya karibu kilo 30 kichwani kutoka bara, akifika hapa anabwaga nini? Mzigo, na moyo ukatulia. Akasema na hiyo pia ipo, ila wageni wanaipenda ile ya kwanza. Tulibishana vizuri tu kwa muda ambao hatukuwa nao. Miaka 27 nilifundisha ile ya kwanza peke yake. Leo ningeandika zote mbili ubaoni na kuwaacha wanafunzi wagombane.

Tukaondoka saa tano na dakika kumi, na hapo ndipo nilipokosea: nilipaswa kuondoka saa nne na nusu. Karibu na Bunju gari likachemka. Kijana akafungua boneti, akaomba maji kwenye kibanda cha chipsi, tukasubiri lipoe huku anaapa kwamba jana lilikuwa zima. Mandela malori yalikuwa yamesimama kama ukuta. Nilifika kaunta saa nane na robo, jasho linatiririka, mchanga wa Bagamoyo umo ndani ya viatu. Dada wa kaunta akaangalia saa, akaniangalia mimi, akapokea sanduku.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ukiwa na saa kumi za kusubiri wakati wa mchana, na mzigo wako uko mikononi mwako, nenda Bagamoyo, ila urudi mapema kuliko nilivyorudi mimi. Ukiwa na saa sita usiende. Ishia Kivukoni, angalia makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu, ingia Makumbusho ya Taifa, kula, rudi. Mgeni wa nje aulize kwanza habari za viza.

Nauli kijana aliikataa katakata, eti shangazi halipi. Tulipotua Kigoma, chini ya saa tatu kwa umbali uliomchukua Stanley kuanzia Machi hadi mwishoni mwa 1871, niliwasha simu nikakuta ujumbe wake: "Shangazi, umesahau halua kwenye buti."

Nikamjibu: "Sijasahau."