Maswali na Majibu: Mgonjwa Anapoweweseka Baada ya Upasuaji

Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 74. Amefanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika, na siku ya pili akaanza kumwita marehemu baba na kuchomoa dripu. Watu wanasema nusu kaputi imempanda kichwani. Ni kweli? (Tabata)

Marahaba. Nusu kaputi husingiziwa mengi. Dawa zake nyingi huisha nguvu ndani ya saa chache, ilhali hali hii, ambayo madaktari huiita deliriamu, kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Chanzo chake hakijafungwa katika jibu moja, lakini maelezo yenye nguvu zaidi huanzia kwenye jeraha lenyewe: mfupa na misuli vinapokatwa, kinga ya mwili huamka na kumwaga kwenye damu kemikali za uvimbe ziitwazo saitokini, ambazo hulegeza kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo na kuziamsha seli za kinga zilizomo ndani ya ubongo. Kijana hulipita jambo hilo bila hata kulitambua. Mzee, hasa aliyekwisha kuanza kusahausahau, hana akiba ya kulistahimili. Papo hapo asetilikolini, kemikali inayobeba taarifa za umakini na kumbukumbu kati ya neva, hupungua, na dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, huzidi, jambo linalodhaniwa kuchangia mgonjwa kuona watu wasiokuwepo. Kotisoli, homoni ya msongo, hupanda, na usingizi hukatwakatwa na taa za wodi.

Hayo ni ya ndani. Yapo yanayopimika leo hii, na ndiyo mnayopaswa kumwuliza daktari wa wodi: oksijeni, sodiamu, sukari, wingi wa damu, maambukizi ya mkojo au mapafu, maumivu yasiyotulizwa, mkojo uliogoma kutoka. Mama aliyebadilika ghafla anadai vipimo kabla ya maombi.

Je, tukiomba sindano ya mgongo badala ya nusu kaputi, mzee wetu atasalimika na hali hiyo? (Kigamboni)

Si lazima. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2021, wenye wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, ulikuta takribani mmoja kati ya watano akichanganyikiwa katika kila kundi, na utafiti wa China wa mwaka 2022 nao haukuona tofauti ya maana. Mwachieni mtaalamu wa usingizi achague kwa kuangalia moyo na mapafu ya mgonjwa.

Bibi hakulala wodini, nikampa Piriton mbili nilizonunua nje. Alfajiri hajui alipo. Je, dawa ilikuwa feki? (Mbagala)

Swali hili huletwa kila mara, na kila mara mwulizaji anatarajia lawama imwendee mwenye duka. Dawa ilikuwa halisi, na tatizo ni hilo hasa. Piriton huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ile ile ambayo ubongo wa bibi yako tayari ulikuwa umepungukiwa nayo. Phenergan, dawa ya mzio, na amitriptilini, dawa ya sonona, hufanya vivyo hivyo, na Valium, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwa njia nyingine, humzidishia mzee mkanganyiko. Mwambie muuguzi sasa hivi umempa nini na saa ngapi. Atakukaripia, lakini daktari hatapoteza siku nzima akitafuta chanzo unachokijua wewe. Na aliyezoea kumeza Valium kila usiku nyumbani asiikatishe kimyakimya siku ya kulazwa, kwa sababu kuiacha ghafla nako huleta deliriamu. Bebeni mfuko wote wa dawa zake, pamoja na za mitishamba.

Baba mdogo hajawahi kuugua akili. Siku ya tatu baada ya upasuaji wa ngiri anatetemeka, anatoka jasho na kuokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka. Amechezewa? (Manzese)

Alikuwa anakunywa kiasi gani? Najua mmemwambia daktari kwamba anakunywa "kidogo tu, sikukuu". Ubongo uliozoea gongo au Konyagi kila siku hujirekebisha kwa kuongeza vichocheo vyake ili kushindana na pombe; pombe ikikatika, vichocheo hubaki bila breki, na siku ya pili hadi ya nne hufuata kutetemeka, degedege na mizuka kama hiyo. Hali hii huua. Hapa Valium, ile niliyoilaani hapo juu, inaweza kuwa tiba mikononi mwa daktari, pamoja na vitamini B1. Semeni ukweli leo, na safari ya kwa mganga muiahirishe.

Wangu hapigi kelele, anasinzia tu mchana kutwa na hajibu sawasawa. Si afadhali? (Sinza)

Hapana. Hiyo nayo ni deliriamu, na ndiyo inayopitwa zaidi kwa kuwa haimsumbui mtu. Mwite muuguzi.

Itaisha lini? (Ubungo)

Kwa wengi ni siku chache, kwa wengine wiki kadhaa, na baadhi ya wazee hawarudi kikamilifu walipokuwa, ndiyo maana sikubali mtu aambiwe "ni uzee tu".

Tumeacha miwani na kifaa cha kusikia nyumbani visiibiwe wodini. Tumekosea? (Temeke)

Ndiyo. Vileteni leo, mviandike jina.